Gari ya zamani imeanza kusumbua baada ya balaa la kabureta: tafuta tatizo kwa mpangilio huu

Kama kuna kitu kimedondoka kwenye koo la kabureta, au kabureta imefurika mpaka petroli ikamwagika juu ya injini, au imeshika moto, au imefunguliwa ikasafishwa ikarudishwa na sasa gari haieleweki, kitu cha kwanza ni kuacha kupiga stata. Najua mkono unawasha, kila mtu anataka asikie labda itashika, lakini injini nyingi hazifi kwenye tukio lenyewe, zinafia pale mwenye gari anapojaribu mara moja tu, afu mara moja tena, huku kuna skrubu imekaa juu ya pistoni au silinda imejaa petroli.

Na jambo la pili, kabureta ikishaguswa watu wote macho yanahamia kwake, inafunguliwa mara nne inarudishwa mara nne, wakati shida imeshashuka chini zamani. Kabureta ndo inachanganya petroli na hewa na imekaa mlangoni mwa injini, chochote kinachotoka kwake kinaingia ndani. Kwa hiyo unaanza na vile vinavyoweza kuua injini, afu ndo unakuja kwenye vile vinavyosumbua tu. Ukigeuza mpangilio huu utakuja kuset kabureta vizuri kabisa juu ya injini yenye valvu (mlango wa silinda) iliyopinda.

Hatua ya 1: Tuliza eneo, afu hesabu vitu

Toa waya wa hasi kwenye betri. Fungua boneti uache petroli iliyomwagika ikauke yenyewe, usiiharakishe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka chini na kutulia, kwa hiyo kama gari iko juu ya shimo basi shimoni ndo hatari zaidi kuliko pale juu ulipo wewe. Taa ya balbu isiyo na kinga, sigara, grainda ya jirani anayekata chuma, vyote viwe mbali. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono, sio ndani ya buti chini ya spea tairi.

Afu kaa ukumbuke. Gari ilikuwaje kabla? Ilikuwa inawaka asubuhi kwa shida, au ilikuwa nzima kabisa? Nini kiliguswa, mipira gani ilichomolewa, nati ngapi zilitoka? Panga kila kitu kwenye tambara jeupe uhesabu. Nati ya juu ya eya klina, skrubu mbili ndogo zinazoshika kisahani cha choki (kile cha juu kinachobana hewa injini ikiwa baridi), zile zinazoshika kisahani cha eksileta kule chini, klipu ya mkono wa choki, vipande vya gasketi. Kitu kikikosekana, we chukulia kipo ndani ya injini mpaka ukione kwa macho yako kipo sehemu nyingine. Usijiambie kitakuwa kimedondokea chini ya gari, kitafute huko chini kwa tochi ukipate, ndo uamini.

Hatua ya 2: Kama kuna kitu kimeingia

Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Ikiwa injini haijazungushwa tangu kitu kidondoke una bahati kubwa, manake bado hakijapita mbali. Kinakuwa kimekaa juu ya kisahani cha eksileta, au kimeanguka kwenye sakafu ya manifodi, ile njia inayotoka kabureta kwenda kwenye silinda. Kwa hiyo usikanyage mafuta na usivute waya wa eksileta, ukifungua kile kisahani ndo unakisindikiza chini.

Angalia kwa tochi kutoka juu. Ukikiona, jaribu kukitoa na sumaku ndogo yenye shingo ndefu kama ni chuma. Lakini elewa kwamba jeti (vile vitundu vinavyopima petroli) kwa kawaida ni shaba na skrubu nyingi za visahani ni shaba pia, sumaku haishiki shaba wala aluminiamu. Kwa hizo tumia koleo lenye mdomo mrefu mwembamba, au kijiti chenye grisi nzito kwenye ncha, kitu kinanata unakitoa taratibu. Kama hukioni, toa kabureta nzima kwa uangalifu ikiwa imelala sawa, usiipindue hewani, afu angalia manifodi. Kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu inasaidia sana hapa, unaipitisha kwenye kila njia ya manifodi mpaka unafika kwenye valvu.

Ukishaitoa kabureta ziba tundu la manifodi kwa tambara kubwa la rangi kali, na kipande kining'inie nje kabisa. Tambara dogo linasahaulika, linafungiwa humo, gari inapigwa stata halafu watu wanashangaa haivuti hewa. Kwa hiyo kama fundi mwingine aliigusa kabla yako na gari haiwaki kabisa baada ya kabureta kurudishwa, hilo nalo liangalie.

Ikiwa injini ilishazungushwa, chomoa plagi zote na zipange kwa namba za silinda zake. Ziangalie ncha. Plagi ambayo gepu lake limefungwa, ile ncha imepondwa chini, au kaure yake imevunjika, inakwambia moja kwa moja kwamba kwenye silinda ile kuna kitu kigumu kiligongwa na pistoni. Ingiza kamera kwenye tundu la plagi uone kichwa cha pistoni, alama za kugongwa zinang'aa kama chuma kipya. Na usiishie silinda moja. Kitu kidogo kinaweza kurudishwa na mapigo ya hewa kutoka silinda moja, kikapita kwenye manifodi, kikaingia nyingine, kwa hiyo kagua zote.

Zungusha injini kwa mkono, gia ikiwa frii na plagi zote zikiwa nje, kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki, uelekeo uleule injini inakozungukia siku zote. Mizunguko miwili kamili. Ikigoma mahali fulani simama hapo, usiisukume. Ikipita laini bila mgongano wowote hiyo ni habari njema, ila bado haijathibitisha kwamba valvu ziko salama, hilo linathibitishwa na kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda, tutaupima hatua ya 5. Na ikiwa kitu kimeonekana ndani ya silinda na hakitoki kwa sumaku wala kwa hewa, basi hedi (kichwa cha injini) inatoka, hakuna njia ya mkato hapo. Wapo wanaosema washa tu kitatokea ekzosi, usiwasikilize, kabla hakijatoka kinakuwa kimeshaponda pistoni na kupinda valvu.

Hatua ya 3: Petroli imeingia wapi

Kabureta iliyofurika haimwagi nje tu, inamwaga ndani pia. Nido (sindano inayofunga njia ya petroli ndani ya kabureta) ikikwama wazi na pampu ni ya umeme, au tanki liko juu kuliko kabureta, petroli inashuka kwenye manifodi hadi kwenye silinda ambayo valvu yake imefunguka. Kimiminika hakigandamizwi. Pistoni ikipanda ikakikuta, kitakachosalimu amri ni koneki, mkono unaoshika pistoni na krenki, inapinda. Dalili yake ni stata inapiga tak inagoma ghafla, na mwenye gari anadhani betri imekwisha anaenda kutafuta ya kuazima.

Dawa ni rahisi: chomoa plagi zote, toa waya mdogo wa koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) usiwe na cheche kabisa, zungusha injini kwa mkono kwanza, petroli itatoka kwenye matundu ya plagi. Weka tambara, kaa pembeni, usichungulie tundu kwa jicho. Baada ya hapo ndo unaweza kupiga stata kidogo kumalizia. Acha matundu wazi muda pakauke.

Afu chomoa dipstiki. Hapa ndipo watu wengi hawaangalii na hapa ndipo injini inapouawa kimyakimya. Oili ikiwa imepanda juu ya alama ya juu, au imekuwa nyepesi inadondoka kama maji, au inanuka petroli, hiyo sio oili tena. Usiwashe gari na oili hiyo hata kidogo, hata ya kuhamisha tu gari. Petroli inaifanya oili isiweze kushika kwenye vyuma vya krenki, na mvuke wake ndani ya sampu, beseni la oili chini ya injini, unaweza kulipuka. Mwaga, badilisha na filta, weka mpya. Na kama gari yako ina pampu ya mafuta ya kusukumwa na injini, ujue kwamba mpira wa ndani wa pampu ukichanika nao unamwaga petroli kwenye sampu vilevile, kwa hiyo kabureta ikionekana nzima na oili bado inapanda, mshitakiwa ni pampu.

Hatua ya 4: Kama ilishika moto

Fupi tu. Kagua mipira yote ya petroli hata kama inaonekana nzima, ukiibonyeza ikiwa na nyufa au imekuwa ngumu, badilisha. Kagua waya za plagi, kava ya distribyuta (kinachogawa umeme kwa plagi), mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), na visehemu vya plastiki vya kabureta. Na kama moto ulizimwa kwa mtungi wa unga, usiwashe kabla hujafungua eya klina na kabureta ukasafisha ule unga wote pamoja na koo la manifodi, unga ule unakwaruza na unakula aluminiamu ukikaa na unyevu. Afu jiulize kwanini ilitema moto juu: mara nyingi ni mchanganyiko mwepesi (petroli kidogo, hewa nyingi), taimingi (wakati wa cheche kupiga) imehama, waya za plagi zimepishana, au valvu ya kuingiza haifungi. Hizo zote tunazifikia chini.

Hatua ya 5: Pima kompresheni kabla hujagusa kabureta

Hiki ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na ndo wengi wanakiruka kwa sababu geji haipo au wanaona uvivu kutoa plagi. Azima geji. Robo saa ya kupima inakuokoa na wiki nzima ya kuhangaika na skrubu.

Plagi zote nje, koili imekatwa, pampu ya mafuta imezimwa au mpira wake umeelekezwa kwenye chupa, choki wazi, mtu mmoja anakanyaga eksileta hadi chini na kuishikilia. Hilo la kukanyaga msilisahau, eksileta ikiwa imefungwa injini haipati hewa na namba zote zinashuka, mtu anatangaza injini imekufa kumbe nzima. Piga stata mapigo matano sita kwa kila silinda, mapigo sawa kwa zote, andika.

Injini nyingi za petroli za zamani zikiwa nzima zinasoma kati ya psi (kipimo cha mgandamizo) 120 na 180. Lakini namba yenyewe sio muhimu kama ulinganifu, silinda ya chini kabisa isiwe chini ya asilimia 75 ya ile ya juu kabisa. Kama ya juu ni 160 basi ya chini isipungue 120. Sasa soma hivi. Silinda moja ikisoma sifuri au karibu na sifuri baada ya kitu kudondoka, valvu yake imepinda au kuna kitu kimeibana isifunge. Mbili zilizo jirani zikiwa chini zote, fikiria hedi gasketi katikati yao. Zote zikiwa chini kidogo baada ya kabureta kufurika, usiogope bado, petroli imeosha oili kwenye kuta za silinda na ringi hazizibi. Weka kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, zungusha kidogo, pima tena. Ikipanda vizuri ilikuwa ni kuoshwa, au ringi zimechoka tangu zamani. Isipopanda kabisa mara nyingi ni valvu, oili haiwezi kuziba valvu.

Kabla ya kutoa hedi fungua tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya valvu, kwanza uangalie. Wakati mwingine pushirodi (fimbo inayosukuma valvu) imepinda au imetoka mahali pake na valvu ni nzima.

Namba zikiwa sawa, hapo pumua. Sasa unajua kwamba kilichobaki kinatengenezeka kwa bisibisi na uvumilivu.

Hatua ya 6: Cheche

Usipite hapa haraka kwa kusema cheche haihusiani na kabureta. Ukitoa kabureta mkono wako ulikuwa juu ya distribyuta na waya za plagi muda wote. Waya mbili zikipishana gari inapiga risasi kwenye kabureta, na mtu anarudi kuilaumu kabureta. Injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, chache ni 1-2-4-3, na za sita mstari mmoja kwa kawaida ni 1-5-3-6-2-4. Angalia ya kwako imeandikwa wapi, mara nyingi ipo kwenye manifodi au tapeti kava, afu fuata waya mmoja mmoja kwa kidole.

Plagi zilizolowa petroli zikaushe au weka mpya, plagi iliyozama mara nyingi inarudi ikiwa dhaifu. Shika plagi kwenye bodi kwa koleo lenye mpira, mbali na matundu ya plagi maana bado kuna mvuke, piga stata uone cheche. Ya bluu inayolia tik tik ni nzuri, ya njano nyembamba angalia pointi na kondensa, vifaa vidogo vya kwenye distribyuta. Distribyuta ikizunguka kwa mkono bila kulegeza bolti yake, taimingi imeshahama, itarudishwa kwa taa ya taimingi.

Hatua ya 7: Hewa inayoingia kinyemela

Kama gari ilikuwa nzima, kabureta ikatolewa na kurudishwa, na sasa inawaka lakini haitulii bila kukanyaga mafuta, au inanguruma juu na haishuki, mimi naanza na hapa kabla ya skrubu yoyote. Hewa inayopita pembeni ya kabureta haipimwi na petroli, mchanganyiko unakuwa mwepesi na hakuna kuset kutakakorekebisha.

Angalia gasketi ya chini ya kabureta. Iligeuzwa? Gasketi nyingi zinaingia pande mbili lakini matundu yanalingana upande mmoja tu, upande wa pili zinaziba njia ya vakyumu au zinaacha wazi. Nati zilikazwa moja mpaka mwisho afu nyingine? Hiyo inapinda sahani ya chini ya kabureta. Zinakazwa kwa kupishana, kidogo kidogo. Weka rula ya chuma chini ya kabureta, ukiona mwanga unapita katikati imeshapinda. Na usipake silikoni badala ya gasketi, petroli inailegeza, vipande vinakatika vinaziba jeti na unakuwa umejitengenezea balaa la pili.

Afu mipira. Wa distribyuta, wa tapeti kava, na ule mnene wa busta ya breki. Huo wa busta ukiwa umetoka, injini inayumba na pedali ya breki inakuwa ngumu, kwa hiyo kabla ya kwenda popote jaribu breki. Kuvizia panapovuja, injini ikiwa inawaka nyunyiza maji kidogo kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye maungio, mlio ukibadilika ghafla ndo hapo. Kuna wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta, inafanya kazi vizuri lakini inashika moto na ekzosi iko pale pale chini, maji ni salama zaidi.

Ukiwa na geji ya vakyumu, injini nzima ikitulia inasoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, kwa usawa wa bahari. Ukipanda milima toa kama inchi moja kwa kila mita 300. Mshale ukitulia lakini uko chini, ni hewa inavuja au taimingi imechelewa. Ukidondoka na kurudi kwa mpigo uleule bila kuacha, ni valvu moja haifungi, rudi kwenye kompresheni.

Hatua ya 8: Petroli inafika?

Injini imezimwa, eya klina imetolewa, chungulia koo la kabureta na usukume mkono wa eksileta. Lazima uone mchirizi wa petroli ukiruka. Ukiuona, bakuli la kabureta lina petroli na pampu ndogo ya kabureta ni nzima, umemaliza maswali mawili kwa sekunde moja. Usipouona, toa mpira wa kuingizia petroli, uweke kwenye chupa, koili imekatwa, piga stata. Inatakiwa itoke kwa mapigo yenye nguvu. Haitoki? Filta imeziba au imewekwa kinyume, mpira umekunjwa, pampu imekufa, au mipira miwili ya kuingiza na kurudisha imepishana.

Pampu nayo ikizidi nguvu ni tatizo. Kabureta nyingi zinataka psi 3 hadi 6 tu. Mtu akifunga pampu ya gari ya injekta, ambayo inatoa 30 na kuendelea, nido haiwezi kuizuia, itafurika kila siku na utabadilisha nido mpaka uchoke. Mimina hiyo petroli ya kwenye chupa uiangalie ikitulia, maji yanakaa chini na yanaonekana mstari wake kabisa.

Hatua ya 9: Sasa fungua kabureta, kwa kufuata dalili

Inafurika: nido ina uchafu au imelika, ama boya (linaloelea bakulini na kufunga nido petroli ikijaa) limetoboka. Toa boya ulitikise sikioni, ukisikia petroli ndani limetoboka. La shaba lizamishe kwenye maji ya moto, bubujiko dogo litakuonyesha tundu. Kujaribu nido, geuza mfuniko juu chini boya likae kwa uzito wake, puliza kidogo kwa mpira safi kwenye njia ya kuingilia, hewa isipite. Kimo cha boya kipime kwa namba za kabureta yako, sio kwa macho.

Inazima ukiachia mafuta ila ukikanyaga inakwenda: jeti ndogo imeziba. Lakini kabla ya kufungua angalia ule waya unaoingia kwenye kisolenoidi pembeni ya kabureta, magari mengi ya zamani ya Kijapani na ya Ulaya yanacho, kazi yake ni kukata petroli ukizima swichi. Waya ukisahaulika nje gari inafanya hivyohivyo. Washa swichi, uchomoe na kuuchomeka, isikike tik. Waya mmoja tu, na watu wanafungua kabureta nzima kwa ajili yake.

Inasita ukikanyaga ghafla, afu inachukua: pampu ndogo ya kabureta, ngozi yake imekauka au kile kigololi kidogo cha njia yake kilidondoka wakati wa kusafisha. Kigololi hicho kinapotea kirahisi mno, ukigeuza kabureta kinatoka chenyewe kimya.

Haina nguvu kwenye mlima au spidi: jeti kubwa imeziba, au jeti mbili zimebadilishana nafasi kwenye kabureta ya koo mbili. Zina namba, zisome.

Inatoa moshi mweusi na kunuka: choki haifunguki yote, boya liko juu, au njia za hewa zimeziba.

Kusafisha, tumia dawa na hewa, au uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Usichome jeti na waya wa chuma, shaba ni laini, tundu likipanuka hata kidogo jeti ile haina kazi tena. Na usipulize hewa ya kompresa kwenye kabureta ikiwa imefungwa, boya linabonyea.

Hatua ya 10: Kuwasha

Kabla ya kupiga stata, sukuma eksileta mpaka mwisho na uiachie mara kadhaa, irudi yenyewe kwa kishindo. Ikikwama wazi injini itapanda juu na hutaiwahi. Skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu mpaka iguse, usikaze maana ncha yake inaharibika, afu irudishe mzunguko mmoja na nusu, hapo ni pa kuanzia. Kama ilizama petroli, kanyaga mafuta hadi chini bila kupampu na bila choki, stata sekunde kumi, pumzika, rudia. Mtu mmoja akae na mtungi wa moto, na sio mbele ya koo la kabureta.

Ikishawaka sikiliza. Mlio wa chuma kugonga chuma, zima papo hapo. Ikiwa inamisi tu, yaani silinda fulani haiwaki, zima, chomoa waya mmoja wa plagi, uunganishe na bodi, washa usikie mlio umeshuka au la. Silinda ambayo ukichomoa waya wake hakuna kinachobadilika ndo yenye shida. Ikipata moto vizuri set mchanganyiko, funga polepole mpaka ianze kuyumba, fungua mpaka itulie, afu shusha mlio kwa skrubu ya eksileta, na rudia zote mbili kidogo kidogo.

Endesha kwa mwendo wa kawaida, zima, ikipoa chomoa plagi uzisome. Kahawia nyepesi ni sawa. Nyeusi kavu petroli ni nyingi, nyeupe kabisa ni nyepesi au hewa bado inaingia, nyeusi ya mafutamafuta ni oili inapanda. Afu rudi kwenye dipstiki, kesho yake asubuhi gari ikiwa imelala usiku mzima, ipime na uinuse. Kama imepanda tena, nido au pampu bado inavuja, na hiyo oili mpya nayo imwage.